Kibaba, Debe na Safari: Historia ya Uwekevu wa Nyumbani katika Ugogo

Wanahistoria walioandika juu ya Ugogo wametazama zaidi mambo matatu: misafara ya biashara iliyoikata nchi hiyo katika karne ya 19, njaa zilizoipiga mara kwa mara, na mifugo ya wenyeji wake. Mambo hayo ni makubwa, na mwenye kuiandika Ugogo hawezi kuyaacha. Lakini lipo la nne ambalo, kwa udogo wake, halikupewa nafasi ya kutosha, nalo ni jinsi nyumba moja moja ilivyoendesha maisha yake kwa kitu kidogo, pasipo kupoteza punje ya nafaka, senti ya fedha wala nguvu ya mikono. Kiswahili kina neno zuri la tabia hiyo, uwekevu, litokalo katika kitenzi weka. Mwekevu si bahili. Bahili humnyima mwenziwe. Mwekevu hukizuia kitu leo ili kesho kipatikane cha kumpa.

Shabaha ya makala haya ni kuitafuta historia ya uwekevu huo kwa njia ya maneno, na hasa maneno ya vipimo. Rai yangu ni kwamba nyumba huweka akiba ya kile inachokipima, na kipimo kikibadilika, uwekevu nao hubadilika. Katika Ugogo vipimo vitatu vimefuatana, ingawa hapana kimoja kilichokifuta kingine kabisa: kibaba, debe na safari. Waliokwenda huko kufundisha matumizi mema ya nyumbani, kwa gazeti, kwa darasa na kwa redio, aghalabu walihesabu kwa kipimo cha pili, hali nyumba iliyofundishwa ilikuwa ikihesabu kwa cha tatu. Katika tofauti hiyo ushauri mwingi mwema ulipotea njia.

Mahali

Mfano wetu ni Haneti, katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, upande wa kuelekea nchi ya Warangi. Watu wa mbali huijua kwa krisopresi, kito cha rangi ya kijani kipatikanacho katika vilima vyake. Wenyeji, ambao wengi wao ni Wagogo, huijua kwa mvua yake. Katika uwanda huu wa kati mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa Dodoma wastani wake ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Miezi mingine yote ni kiangazi. Kwa hiyo mavuno ya miezi michache hayana budi kuilisha nyumba mwaka mzima, na mwaka unaofuata usipokuwa mwema, hayana budi kuvuka na huo pia. Uwekevu hapa si pambo la adabu. Ndio uliotenganisha nyumba iliyobaki na nyumba iliyohama.

Kipimo cha kwanza: kibaba

Kibaba ni kipimo cha ujazo, na uzito wa nafaka yake ni kama ratili moja na nusu. Vibaba vinne hufanya pishi. Kipimo hiki kilipanda bara pamoja na misafara. Mpagazi alipewa posho yake ya siku kwa kibaba, na mkuu wa msafara aliyeingia Ugogo, nchi kavu iliyo katikati ya pwani na Tabora, alilazimika kununua vibaba vya watu mamia. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wote walilipa hongo, wakanunua chakula, na mahali pengine wakanunua hata maji. Njia kuu ya misafara ilikuwa kusini ya Haneti, lakini bei ya nafaka haikai barabarani. Husambaa kila palipo na ghala.

Biashara hiyo iliifundisha nyumba jambo chungu. Uwele na mtama uliouzwa wakati wa mavuno ndio uliokosekana miezi sita baadaye. Mwanamke aliyeshika funguo za ghala, kama twaweza kutumia usemi huo juu ya ghala lisilo na kufuli, alijua kuhesabu vibaba mbele: watu wangapi, siku ngapi, mbegu kiasi gani, pombe kiasi gani. Pombe nayo isidhaniwe kuwa upotevu. Kwa mtungi wa pombe nyumba iliwaita majirani kulima na kupalilia, ikapata kwa siku moja kazi ambayo mikono yake peke yake isingeimaliza kwa wiki. Hiyo ilikuwa nafaka iliyogeuzwa kuwa nguvu kazi.

Tuyatazame sasa maarifa yenyewe, kwani ndani yake mna akili ambayo si rahisi kuizidi. Mbegu zilichaguliwa shambani kabla ya mavuno, yakachukuliwa masuke yaliyokomaa vema, yakatundikwa juu ya mafiga. Moshi uliopanda kutoka katika chungu cha kila siku uliwafukuza wadudu, hata moto mmoja ukafanya kazi mbili. Kunde na choroko zilichanganywa na majivu yaliyochekechwa. Majivu hujaza nafasi kati ya punje na punje, bungo asipate pa kupita wala pa kutagia. Nafaka iliwekwa katika kilindo cha gome la mti, kikafunikwa na kukandikwa ili hewa na panya visiingie. Tena uwele wenyewe ulikuwa mshirika wa mwekevu, maana punje yake ni ndogo na ngumu, na ukikaushwa vema hukaa muda mrefu kuliko mahindi.

Tembe nalo halikuwa nyumba ya kulala tu. Paa lake bapa, la miti iliyofunikwa udongo, lilikuwa uwanja wa kuanikia. Hapo juu, mbali na mbuzi na kuku, palianikwa majani ya kunde na mlenda wa msituni wakati wa masika, vikasagwa au kuhifadhiwa vikavu mpaka kiangazi. Mlenda mkavu ni chakula cha mtu mwenye kuhesabu. Haukununuliwa, hauhitaji mafuta, huiva kwa muda mfupi sana, na kidogo chake hutosha kuteremshia ugali wa watu wengi. Ukitiwa magadi kidogo huiva upesi zaidi. Mtu akiuliza ni wapi katika mapishi ya Afrika ya Mashariki palipopatikana kitoweo kinachopunguza kwa pamoja gharama, kuni na muda, aelekezwe Ugogo.

Lakini uwekevu una mpaka. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma na kuwaondoa Wadachi. Kwanza serikali moja, kisha ya pili, zilitwaa ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuchukua mizigo. Mvua zikakosekana. Ikafuata njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wanahistoria hukadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa karibu na Dodoma mwaka uo huo wa 1917, na ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, alikuwa mtoto wa kizazi kilichozaliwa ndani ya njaa hiyo. Hapana jivu wala kilindo kinachoweza kulinda nafaka iliyochukuliwa kwa nguvu. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila anayesema kwamba njaa ni matokeo ya watu wasiojua kuweka.

Katika tabaka hili la historia Kiswahili cha bara kimetuhifadhia maneno mawili yanayotazamana. La kwanza ni akiba, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo shina lake lahusu kijacho nyuma, kifuatacho baadaye. La pili ni hemea, yaani kutoka kwenda mbali kutafuta chakula, kwa kununua, kwa kubadilisha au kwa kufanya kazi. Mtu wa mjini leo husema anakwenda kuhemea akiwa na maana ya kwenda sokoni tu. Katika uwanda wa kati neno hilo bado lina uzito wa njaa, maana anayehemea ameacha nyumba yake, na akiba yake imekwisha. Kamusi inayoeleza hemea kwa maana ya ununuzi peke yake imeieleza nusu ya neno, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye historia.

Kipimo cha pili: debe

Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya kibanda. Mwaka 1910 reli ya kati ilifika Dodoma. Mambo hayo mawili yaliifunga nyumba ya Ugogo katika hesabu ya fedha: la kwanza lilimlazimisha mtu kuipata, la pili likamletea vitu vya kununua. Miongoni mwa vitu hivyo yalikuja mafuta ya taa, ndani ya bati la pembe nne lenye galoni nne, yaani kama lita 18. Chombo hicho kikaitwa debe, neno lililotoka Bara Hindi pamoja na wafanya biashara.

Historia ya debe ni historia ya uwekevu peke yake. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilikuwa ndoo ya kuchotea maji, sufuria ya kupikia pombe, na hifadhi ya unga. Likichakaa lilikatwa, likapigwa nyundo, likawa karai, au kifuniko, au kiraka cha mlango. Kutoka katika makopo madogo fundi alitengeneza koroboi, taa ya utambi iliyotumia mafuta haba. Baadaye tairi la gari nalo likapata maisha ya pili kwa jina la katambuga, kiatu kinachodumu miaka kadhaa katika miiba ambayo kiatu cha dukani hakiiwezi. Juu ya yote hayo, debe likawa kipimo cha soko, likakisukuma nyuma kibaba na pishi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kipimo kikubwa kilipoingia, kipimo kidogo hakikufa. Kilihamia kwa maskini. Nyumba huuza kwa debe wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tena mnunuzi akitaka lijazwe mpaka lifanye kilele. Kisha huanza kununua tena mwezi wa Januari au Februari, kwa kopo au kwa sado, bei ikiwa juu. Sado yenyewe ni neno lenye hadithi, kwani ndoo ndogo ya rangi ya Sadolin ndiyo iliyolizaa. Rangi ilipokwisha, ndoo ikaenda sokoni kupima mahindi, na jina likaenda nayo. Mtu akiuza madebe matano na kuyanunua tena kwa sado, hupoteza fedha nyingi kuliko zote ambazo angeziokoa kwa kupunguza sukari na sabuni mwaka mzima. Kama pana shauri moja la gharama ndogo linalostahili kuandikwa juu ya mlango wa kila ghala katika uwanda wa kati, ni hili: usiuze wakati wa mavuno debe ambalo utalihitaji wakati wa kupalilia.

Ushauri ulioandikwa, hata hivyo, haukuanzia hapo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu mwaka 1923, liliwafikia wasomaji wa bara kwa habari za kilimo, afya na maendeleo. Katika miaka ya 1950 vilianzishwa vyama vya wanawake chini ya maofisa wa maendeleo, vikafundisha ushonaji, upishi na malezi. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962, uliendeleza kazi hiyo. Redio ikaingia na kampeni zake kubwa: Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyowakusanya watu kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Shuleni somo lenyewe lilijulikana kwa majina ya maarifa ya nyumbani na sayansi kimu, na baadaye likatiwa ndani ya stadi za kazi.

Jina la sayansi kimu lastahili kusimamishwa kidogo. Kukimu ni kutosheleza mahitaji ya watu walio chini yako. Waliolichagua walichagua vema, maana waliweka mbele haja ya watu wala si fedha. Lakini mafunzo yenyewe mara nyingi yalidhani nyumba yenye mshahara wa mwezi: ugawe mshahara, andika matumizi, weka kiasi katika kibubu. Nyumba ya Haneti haikuwa na mwezi wa fedha. Fedha iliingia mara moja au mbili kwa mwaka, mavuno yalipouzwa au mbuzi alipopelekwa mnadani. Kudunduliza, yaani kuweka kidogo kidogo, ni kitenzi kizuri mno, lakini huhitaji kidogo kinachokuja mara kwa mara. Katika nyumba hiyo mnyama ndiye aliyekuwa kibubu, na hasara ya kibubu hicho ni kwamba hakivunjwi kwa nusu: mwenye haja ya shilingi chache za daftari hawezi kuuza mguu wa mbuzi aliye hai.

Kipimo cha tatu: safari

Kipimo cha tatu hakimo katika orodha za vipimo, na kwa hiyo kimewapita wengi. Muulize mama wa uwanda wa kati anatumia maji kiasi gani. Hatakutajia lita wala shilingi, bali atakuambia anakwenda safari ngapi. Vivyo hivyo kuni: mzigo mmoja ni safari moja. Usemi wa kuokoa muda umeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, na baadhi ya walimu wametoa hoja kwamba wazee hawakujali muda, kwa kuwa hawakuwa na neno hilo. Hoja hii ni dhaifu. Muda ulihesabiwa, ila ulihesabiwa kwa umbo la kazi iliyoumaliza: safari ya maji, mzigo wa kuni, kinu cha kutwanga. Neno halikukosekana, lilikuwa mahali pengine.

Ushahidi mmoja ni kitenzi limbika. Katika korongo kavu watu huchimba kisima mchangani, kisha humngojea Mungu na mchanga: maji hujikusanya polepole, tone kwa tone, mpaka kata iweze kuchota. Kungoja huko ni kulimbika. Anayelimbika hakai bure. Mwenye akili hufika na kazi yake, akasuka, akachambua mboga, au akafika alfajiri baada ya maji kujikusanya usiku kucha, akapunguza kungoja kwa saa nzima. Katika lugha ya siasa iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, ndugu yake, limbikiza, alipata sura ya lawama, ya mtu ajirundikiaye mali. Limbika mwenyewe amekwisha karibu kusahauliwa na waandishi. Hivyo lugha ya maandishi ilibaki na neno la kumlaumu mwenye kingi, ikampoteza yule anayengojea kidogo.

Hesabu ya safari ilibadilika sana katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa. Shule, zahanati na mara nyingine kisima vilisogea karibu. Mashamba na kuni, kinyume chake, vilisogea mbali, na miti iliyozunguka kijiji kipya ikaisha upesi kwa sababu kila nyumba ilikata upande ule ule. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko wa udongo katika mkoa huo. Ile haba ya kuni haikuwa ya mazingira tu. Ilikuwa kuongezeka kwa safari katika siku ya mtu mmoja, naye kwa desturi ni mwanamke.

Kwa kipimo hiki twaweza kuelewa mabadiliko mawili ambayo kwa kipimo cha kibaba yaonekana kama upumbavu. La kwanza ni kuingia kwa mahindi. Maofisa wa kilimo wameshangaa tangu zamani kwa nini watu wa nchi kavu hupanda mahindi, hali uwele na mtama hustahimili ukame. Jibu moja liko katika siku za kulinda ndege. Uwele hukaa wazi kwenye suke lake, na kundi la kwelea kwelea laweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Lazima mtu akae shambani tangu alfajiri hata jioni, na mtu huyo huwa ni mtoto anayetakiwa shuleni. Hindi limejifunika maganda yake. Tena uwele hutaka kukobolewa kwa kinu na kupepetwa kabla ya kusagwa. Nyumba iliyochagua mahindi ilinunua muda kwa kulipa hatari. Na hatari ilikuja kwa mlango mwingine pia: mwaka 1981 aliripotiwa katika mkoa wa Tabora mdudu mgeni, dumuzi, ambaye watu walimpa jina la Scania kwa jinsi anavyobomoa mahindi kama lori. Majivu yaliyotosha kwa bungo hayakumtosha yeye.

La pili ni kuondoka kwa tembe. Kampeni za nyumba bora ziliona tembe kama alama ya unyonge, na kweli tembe lina hasara zake: ni la chini, hujaa moshi, mchwa hula nguzo zake, na mvua kubwa hupenya udongo. Bati nalo lina joto mchana na baridi usiku, na halianikiki mlenda. Lakini bati lina fadhila moja ambayo tembe halina, nayo ni kukinga maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 lina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo huweza kunyesha alasiri moja, huangusha lita 600 juu yake. Hata tukitoa moja ya tano kwa upotevu, zabaki lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Ni safari 24 zilizofutwa na kipande cha mfereji. Kwa mwaka mzima wa milimita 550, paa hilo hilo, kwa hesabu ile ile, hutoa lita 13,200, ambazo ni ndoo 660. Ni kweli hapana mwenye chombo cha kuyaweka yote. Lakini hata mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa ni safari 20. Hata hivyo nyumba nyingi za bati hazina mfereji. Paa lilifundishwa kama heshima ya nyumba, halikufundishwa kama kisima.

Jikoni hesabu ni ile ile. Kunde au maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa kuni chache zaidi. Chungu kilichofunikwa, kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, makaa yaliyofukiwa majivu ili yawashe moto wa asubuhi, mafiga yaliyozungushiwa ukuta wa udongo ili upepo usile moto: kila kimoja ni cha bure au karibu na bure. Chakula kilichochemka vema chaweza kuondolewa motoni na kufunikwa ndani ya kapu lililojazwa matambara au majani makavu, kikamalizikia humo kwa joto lake chenyewe, mpishi akaenda zake shambani. Maji yaliyooshea mboga hunywesha mche, na yaliyooshea nafaka hupewa mifugo. Na visiki shambani, badala ya kung'olewa, huchipuka vikipogolewa na kuachiwa tawi moja au mawili. Njia hiyo, inayojulikana sasa katika mkoa wa Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, huzirudisha kuni karibu na nyumba bila ya gharama ya mche. Mtu aliyehesabu shilingi ataona faida ndogo katika mambo haya. Aliyehesabu safari ataona siku nzima imerudi katika wiki.

Jambo la lugha

Wasomaji wa jarida hili watauliza hayo yote yawahusu nini watafiti wa Kiswahili. Yawahusu sana. Kamusi zetu za msingi, ya Krapf ya 1882 na ya Johnson ya 1939, zilijengwa hasa juu ya Kiswahili cha pwani, nayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliurithi msingi huo. Ndiyo maana jiko la pwani limo ndani yake kwa ukamilifu: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kila chombo na jina lake. Jiko la uwanda wa kati, linalotumia Kiswahili kila siku pamoja na Kigogo, Kirangi au Kisandawe, halikupata bado mpita njia mwenye daftari. Maneno yake mengine ni ya Kiswahili ambayo pwani imeyaacha, kama limbika. Mengine ni ya Kiswahili yenye maana ambayo pwani haikuihitaji, kama hemea. Mengine yameazimwa kutoka lugha za jirani na yangefaa kupokewa.

Hasara ya kuyakosa si ya kamusi peke yake. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shabaha ni njema, na moshi wa jikoni ni adui wa kweli. Lakini mshauri atakayefika Haneti na kumwambia mama kwamba mtungi wa gesi utampunguzia gharama, atajibiwa kwamba kuni hazinunuliwi. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na hawatakuwa wameelewana. Angeuliza kwanza mzigo wa kuni ni safari ya mbali gani, na mara ngapi kwa wiki, mazungumzo yangeanza mahali pengine. Pengine yangeishia katika mtungi, pengine katika mfereji wa bati, pengine katika kulowekwa kwa maharage.

Kwa hiyo napendekeza kazi tatu. Ya kwanza, wanafunzi wetu wa isimu watokao mikoa ya kati wakusanye msamiati wa ghala, wa maji, wa moto na wa kitoweo katika vijiji vyao, pamoja na vitendo vyenyewe, kwa maana jina lisilo na kitendo chake huwa ganda tupu. Ya pili, vitenzi vya uwekevu, kama weka, dunduliza, limbika, kinga, kimu na hemea, vichunguzwe kama kundi moja la maana, tujue kila kimoja hutumika wapi na kwa kitu gani. Ya tatu, vipimo vya kienyeji viingizwe katika kamusi pamoja na kiasi chake na desturi yake, tukianza na safari.

Kazi hiyo haina gharama kubwa. Inataka daftari, kalamu, na masikio ya mtu asiyekwenda kufundisha kabla ya kujifunza. Wanaoyajua maneno hayo vema ni wanawake wazee, waliolelewa na kizazi kilichoiona Mtunya, na idadi yao hupungua kila msimu. Akiba haiozi, wasema Waswahili. Lakini akiba ya maneno huoza, isipowekwa.